Fundi Aliyerudi Kwenye Udongo: Mafunzo Kutoka kwa Maisha ya Hassan Fathy

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, katika mawaidha ya mwezi wa Ramadhani)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu hali ya kuwa wako tuliofunga nao mwaka jana na leo wako chini ya mchanga. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu zangu vijana, baba zangu na mama zangu, Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Najua saa hizi koo zimekauka na wengine macho yako kwenye saa ya ukutani. Kina mama nao mawazo yako jikoni, mbaazi ziko motoni. Sitawachosha, inshaallah. Nimeombwa nizungumze na vijana kuhusu elimu na kazi, na nikaona badala ya kuwapa nasaha tupu, niwasimulie maisha ya mtu mmoja. Lakini kabla sijamtaja, hebu nianze na kisa ambacho wengi wenu mmekisikia darasani.

Abu Said al-Khudri (R.A.) amesimulia ya kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa katika itikafu ya Ramadhani, na usiku wa mwezi ishirini na moja ikanyesha mvua. Paa la msikiti wa Madina lilikuwa la makuti ya mtende, likavuja. Mtume alipomaliza kuswali Alfajiri, masahaba waliona alama ya maji na matope kwenye paji la uso wake. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Kwa kawaida twakisoma kwa sababu ya Laylatul Qadr, na ndivyo inavyostahili. Leo nawaomba tuutazame msikiti wenyewe. Kuta zake zilikuwa za matofali ya udongo. Nguzo zake vigogo vya mitende. Paa makuti. Na mmoja wa waliobeba matofali yale mabegani ni Mtume mwenyewe, pamoja na masahaba wake.

Sasa niwaulize, na kila mtu ajijibu moyoni. Ukisikia leo kwamba ndugu zako Waislamu mahali fulani wanaswali katika msikiti wa udongo, wajisikiaje? Wengi wetu twaona huruma, na wengine twaona haya. Twasema, "Maskini, hebu tuwachangie wajenge msikiti wa maana." Na msikiti wa maana kwetu ni simiti, chuma, vioo na vigae. Shikeni swali hilo, tutalirudia.

Mtu ninayetaka kuwasimulia aitwa Hassan Fathy. Alikuwa msanifu wa majengo, yaani mtu wa kuchora na kupanga nyumba kabla hazijajengwa. Alizaliwa Misri, katika mji wa Iskandaria, mwaka wa 1900, na akafariki Cairo mwaka wa 1989. Kazi zake na mawazo yake yalifika Ugiriki, Iraq, Pakistan, hata Marekani. Vyuo vya usanifu duniani vyamsoma mpaka leo. Na jambo la ajabu ni kwamba kazi iliyompa jina hilo kubwa ni kazi ambayo, kwa hesabu ya kawaida, ilishindwa.

Fathy alizaliwa katika familia yenye ardhi na mali. Kwao walikuwa na mashamba, lakini yeye alilelewa mjini. Babake hakupenda kabisa mambo ya shamba, alikuona ni mahali pa nzi na maradhi. Mamake naye alikuwa ameishi shamba utotoni, na akawa akiwasimulia watoto wake habari za mifugo na mimea mpaka mtoto akapenda shamba ambalo hajaliona. Mwaona nguvu ya hadithi za mama? Fathy alijaribu kuingia chuo cha kilimo, akahojiwa maswali ya mimea na mazao, na kwa sababu hajawahi kulima hata jembe moja, akaanguka. Ndipo akaingia usanifu wa majengo, akamaliza chuo kikuu Cairo mwaka wa 1926.

Vijana, hapa tusimame kidogo. Wako kati yenu waliopata barua ya chuo ikawa si kozi waliyoitaka. Wako waliokosa alama mbili tatu na sasa wajiona wamefungiwa mlango wa dunia. Kijana yule aliyekataliwa kwenye kilimo alikuja kuwafanyia kazi wakulima maisha yake yote, lakini kwa mlango wa nyumba. Riziki ina milango mingi, na Mwenye kugawa ni Mmoja.

Fathy alipokuwa mtu mzima, umri wa kama miaka ishirini na saba, ndipo alipoingia katika shamba la kwao kwa mara ya kwanza. Alichokikuta hakikufanana na hadithi za mama. Aliona wakulima wanaolala katika vibanda vya giza, virefu kimo cha mtu, bila maji wala choo. Na shamba lilikuwa lao, la familia yake! Mwenyewe amekiri katika kitabu chake kwamba jambo hilo lilimchoma. Basi akaanza kujiuliza: huyu mkulima maskini atajengewaje nyumba nzuri?

Wenziwe wasomi walikuwa na jibu tayari: simiti na chuma. Lakini Fathy akapiga hesabu. Mkulima wa Misri wakati ule hakuwa na pesa za mfuko mmoja wa simiti, seuze nyumba nzima. Ukimwambia nyumba nzuri ni ya simiti, umemwambia kwa maneno mengine kwamba yeye hatapata nyumba nzuri mpaka afe. Wakati huohuo chini ya miguu yake kuna udongo, bure. Matofali ya udongo uliochanganywa na majani makavu na kuanikwa juani ndiyo yaliyojenga Misri tangu enzi za Firauni. Kuta hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa paa. Paa lataka mbao, na Misri haina misitu. Vilipokuja Vita vya Pili vya Dunia, mbao na chuma vikawa adimu na bei zikapanda.

Akafikiri: basi na paa nalo liwe la udongo, lijengwe kwa umbo la tao. Akachora, akaita mafundi, wakajenga. Paa likaanguka. Wakajaribu tena. Likaanguka tena. Msomi wa chuo kikuu, mwenye shahada, mapaa yake yaanguka! Ndugu yake, aliyekuwa akifanya kazi Aswan, kusini mwa Misri, akamwambia kwamba huko Wanubi hujenga mapaa ya tao kwa udongo bila ya kutumia mbao yoyote ya kuyashikilia.

Mwaka wa 1941 Fathy akasafiri kwenda Aswan kujionea. Akavuka mto mpaka kijiji cha ng'ambo ya magharibi, akakuta kijiji kizima cha nyumba safi, ndefu, zenye mapaa ya tao na makuba, zimepakwa rangi na kupambwa. Hakuna msanifu aliyezichora. Akatafuta waashi wanaojua kazi ile, akawapata, akaomba wamjengee paa moja aone.

Nisikilizeni vizuri namna walivyofanya, maana hapa ndipo pana elimu. Kwanza walijenga ukuta wa mwisho wa chumba, mrefu kuliko kuta za ubavuni. Juu ya ukuta ule wakapaka udongo na kuchora mstari wa tao kwa jicho tu, bila ya kipimo. Kisha wakachukua matofali membamba, yaliyotiwa majani mengi ili yawe mepesi, na kila tofali likiwa limepitishwa vidole lingali bichi ili liwe na mifereji ya kunata. Wakapanga mstari wa kwanza ukiegemea ukuta ule, umelala kidogo kama mtu aliyeegemea mto. Mstari wa pili ukaegemea wa kwanza, wa tatu ukaegemea wa pili. Kila mstari ukikamilika wawa tao linalojishikilia lenyewe na kuushikilia unaofuata. Chombo chao kikubwa kilikuwa tezo. Kwa muda usiofika siku mbili chumba kikawa na paa, na hakuna hata ubao mmoja uliotumika kulishikilia.

Na msidhani ati ni ufundi wa juzi. Karibu na Luxor kuna maghala ya nafaka ya hekalu la Firauni Ramses wa Pili, yaliyojengwa kwa mtindo huohuo. Yana zaidi ya miaka 3,200, na mapaa yake ya udongo mengine bado yako juu.

Hebu fikirini hali ya Fathy siku ile. Elimu aliyoitafuta kwa miaka ilikuwa kwa wazee wasiokuwa na cheti hata kimoja. Angeweza kuona haya, akarudi Cairo akanyamaza. Yeye alikaa nao chini, akajifunza, na tangu siku ile popote alipokwenda kujenga aliwachukua mafundi wa Aswan kama walimu.

Nasi tunao wazee wetu hapa pwani. Nyumba za zamani za Lamu, mji uliotiwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka wa 2001, zilijengwa kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa hapahapa. Kuta zina unene wa kama dhiraa moja, ndani kuna ubaridi na nje jua lawaka. Upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko. Njia ni nyembamba ili ukuta wa jirani ukutilie kivuli. Fundi aliyejua kuchoma chokaa, kuipiga, na kuilaza mpaka ikomae, leo ni mzee. Kijana wake ataka kazi ya ofisi. Mzee akizikwa, elimu ile yazikwa naye, na sisi tutamsomea khitma nzuri na kula pilau, tusijue tumezika nini.

Turudi Misri. Mwaka wa 1945 Fathy akapewa kazi kubwa. Karibu na Luxor, ng'ambo ya magharibi ya Mto Nile, palikuwa na kijiji kinachoitwa Gourna. Watu wake, kiasi cha 7,000, walikuwa wamejenga juu ya makaburi ya wakubwa wa Misri ya kale. Baadhi yao walikuwa wakichimba chini ya nyumba na kuuza vitu vya kale. Idara ya mambo ya kale ilipochoka, ikaamua kuwahamisha wote. Fathy akaambiwa awajengee kijiji kipya bondeni.

Alikipokea kijiji kile kama amana. Hakutaka nyumba za kufanana kama masanduku. Alitaka kila ukoo uwe na uwanja wake, kila nyumba iwe na ua wa ndani ambapo mama aweza kukaa akapata hewa na sitara yake. Juu ya mapaa mengine akaweka kinasa upepo, ambacho Waarabu huita malqaf: mnara mfupi ulio wazi upande upepo utokako, unaoukamata upepo wa juu na kuuteremsha chumbani. Akajenga msikiti wenye kuba na ngazi ndefu ya kupandia mnarani, soko, shule, ukumbi wa michezo ya kuigiza. Waashi kutoka Aswan wakawafundisha vijana wa pale pale kazi. Ukiziona picha zake, wallahi utapenda.

Lakini watu wa Gourna hawakutaka kuhama.

Kazi ilisimama mwishoni mwa miaka ya 1940, na kilichojengwa kilikuwa kama sehemu moja kwa tano ya mpango wote. Fathy mwenyewe ameeleza namna karatasi zilivyokuwa zikizunguka maofisini, malipo ya vibarua yakichelewa, majani ya kutengenezea matofali yakikosekana. Ameeleza pia kwamba usiku mmoja wakati wa mafuriko ya Nile ukingo ulikatwa ili maji yakiingilie kijiji kipya. Tofali la udongo na maji mwajua hawapatani. Kijiji kilinusurika, lakini ujumbe ulikuwa umefika.

Kwa nini walikataa? Wako waliosema ni wezi tu wa makaburi, hawakutaka kuiacha riziki yao ya haramu. Huenda kuna ukweli fulani. Lakini wengine waliochunguza baadaye wakaongeza mambo mawili. La kwanza, makuba. Katika sehemu zile za Misri, kuba hujengwa juu ya kaburi la walii. Wewe mwenyewe, ungependa kulala na wanao katika nyumba yenye sura ya kaburi? La pili, na ndilo kubwa, ni kwamba uamuzi wa kuhama haukuwa wao. Fathy alijitahidi kuzungumza na koo na familia kuhusu nyumba zao, na katika hilo aliwatangulia wasanifu wengi wa zama zake. Lakini swali la kwanza, "Je, mwataka kuhama?", lilikuwa limekwisha kujibiwa na wakubwa Cairo. Kila alilouliza baada ya hapo lilikuja limechelewa.

Ndugu zangu, hapa nataka nijiingize mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati ya ujenzi ya msikiti mmoja, sitautaja. Tulichanga, tulizunguka, twalipwa shilingi mia hapa, elfu pale, mpaka tukajenga ghorofa ya kina mama. Tulijivuna kwelikweli. Ramadhani ya kwanza, usiku wa pili wa tarawehe, mama mmoja akazimia kule juu. Chini tulikuwa na mapangaboi na milango wazi pande tatu. Juu tulikuwa tumeweka madirisha madogo, ya juu kabisa, ati kwa ajili ya sitara, na paa la mabati bila dari. Joto la mchana kutwa lilikuwa limejaa mle ndani. Bibi mmoja akaniambia kwa upole, na maneno yake bado yaniuma: "Mwanangu, mlituuliza lini?" Na kweli, katika mikutano yote ile, hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyeulizwa. Sote tulikuwa na nia njema. Nia njema haikufungua dirisha.

Ndiyo maana nikisoma habari za Gourna siwezi kumcheka Hassan Fathy. Mimi nilishindwa kuwauliza watu wa msikiti wangu mwenyewe, ninaojua majina yao.

Fathy alifanya nini baada ya kushindwa? Alirudi kufundisha, akapata vikwazo, na mwaka wa 1957 akaondoka kwao akaenda Athens, Ugiriki. Huko alifanya kazi katika kampuni ya msanifu Constantinos Doxiadis, iliyokuwa ikipanga miji na nyumba katika nchi kama Iraq na Pakistan. Alisafiri, akatafiti mambo ya miji ya baadaye. Lakini alikuwa katikati ya watu wa simiti, na moyo wake ulikuwa kwenye udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akarudi Cairo, akahamia nyumba ya zamani karibu na ngome ya Salahuddin, akaishi humo na paka wake mpaka mwisho wa maisha yake.

Akajaribu tena. Katikati ya miaka ya 1960 alianza kijiji kingine kiitwacho New Baris, katika jangwa la Kharga. Hapo alijenga soko lenye vyumba vya chini vya kuhifadhia mazao, vikipozwa kwa minara ya upepo bila umeme. Vikaja vita vya 1967, kazi ikasimama, haikuendelea tena. Mara ya pili!

Alipokuwa na miaka karibu sabini, akakaa akaandika kisa cha Gourna, kila kitu, pamoja na makosa na machungu yake. Kitabu kilitoka Cairo mwaka wa 1969, na mwaka wa 1973 kikachapishwa upya na chuo kikuu cha Chicago, Marekani, kwa jina linalosema habari za usanifu wa majengo kwa ajili ya maskini. Kijiji hakikumpa heshima alipokijenga. Ni kusema ukweli kuhusu kijiji kulikompa heshima. Wanafunzi wa usanifu kila bara wakaanza kumsoma na kumtafuta. Mwaka wa 1980 akapewa tuzo mbili kubwa: ile maalumu ya mwenyekiti katika Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu, na ile ya Right Livelihood inayotolewa Sweden. Mwaka wa 1984 muungano wa wasanifu wa dunia ukampa nishani yake ya dhahabu.

Na kuna jambo jingine litakalowafurahisha. Kule Marekani, katika jimbo la New Mexico, Waislamu walinunua ardhi mahali paitwapo Abiquiú wakitaka kujenga kijiji cha Kiislamu, Dar al-Islam. Wakamwita Fathy. Mwaka wa 1980, mzee wa miaka themanini, akaenda na waashi wa Kinubi, akawafundisha watu wa huko kujenga tao na kuba. Watu wa New Mexico nao wana desturi yao ya kale ya kujenga kwa udongo, kwa hivyo lugha ya mikono ilifahamika. Msikiti ule upo mpaka leo. Kijiji chenyewe hakikukamilika, maana kazi ya mikono Marekani ni ghali, na kile kilichokuwa rahisi Aswan hakikuwa rahisi kule. Hilo nalo ni funzo: udongo ni bure, lakini jasho lina bei yake kila mahali.

Na nyinyi mliojaaliwa kwenda Hijja au Umra, mlipofika Madina mlikwenda Masjid Quba mkaswali rakaa mbili. Msikiti ule mlioukuta, uliojengwa upya mwaka wa 1986, ulichorwa na Abdel-Wahed El-Wakil, Mmisri aliyejifunza kwa Hassan Fathy. Basi yule mzee aliyeshindwa Gourna, elimu yake imefika kwenye msikiti wa kwanza wa Uislamu. Hakuna ajuaye tone lake litaangukia wapi.

Na Gourna je? Kijiji kile cha juu ya makaburi, serikali ilianza kuwahamisha watu wake na kubomoa nyumba zao mwaka wa 2006, zaidi ya miaka sitini baada ya Fathy kuitwa, na wakapelekwa kwenye nyumba za simiti. Kijiji kipya cha Fathy nacho nyumba nyingi zimebomolewa na wenyewe au kubadilishwa. Lakini mwaka wa 2010 kilitiwa katika orodha ya majengo ya dunia yanayohitaji kuangaliwa, na tangu hapo UNESCO na serikali ya Misri wamefanya kazi ya kuukarabati msikiti na majengo mengine ya umma.  Watu wa pale wameendelea kuuswalia msikiti wao.

Ndugu zangu, sikusema haya ili kesho mwende mkachimbe udongo mjenge makuba. La! Misri ni nchi kavu, mvua yake ni ya kuhesabu. Sisi pwani tuna unyevu na masika, na ukuta wa udongo usio na msingi mzuri na paa lenye upenu mrefu utayeyuka kama halua. Mwenye kunakili kuba la Fathy hapa hakumfahamu Fathy. Yeye angekuja hapa angeuliza kwanza: upepo wa kusi watokea wapi? Wazee walijengaje? Kuna nini hapa cha karibu? Na watakaokaa humu wasemaje?

Basi nawaachia mambo matatu.

La kwanza kwa vijana. Mkipata elimu ya chuo, iwe uhandisi, uuguzi, sheria au kompyuta, msiione ni ngazi ya kuwapanda wazee wenu. Kabla ya Ramadhani hii kwisha, mtafute mzee mmoja mwenye ufundi: wa chokaa, wa jahazi, wa kuchonga milango, wa dawa za mitishamba. Kaa naye, muulize, andika, au rekodi kwa simu yako. Simu hiyohiyo inayokuchelewesha daku.

La pili kwa kamati za misikiti na madrasa. Nitawaomba, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simiti, mkae na watakaolitumia jengo. Waulizeni kina mama. Waulizeni watoto wa madrasa ni darasa gani huwapa usingizi kwa joto. Muulizeni mzee asiyeweza kupanda ngazi. Mwenyezi Mungu alimwamrisha Mtume wake, naye ateremshiwa wahyi, ashauriane na watu. Sisi ambao hatushushiwi kitu twaona uzito gani kushauriana? Msikiti wetu ule tuliuvunja madirisha tukayafanya makubwa, tukaweka mapazia na dari. Gharama ilikuwa kubwa kuliko tungelijenga sawa tangu mwanzo. Yule bibi aliishi akaswali humo Ramadhani mbili, kisha Mwenyezi Mungu akamchukua. Allah amrehemu.

La tatu ni kwetu sote. Mtu akishindwa katika jambo la kheri, asilifiche. Fathy angeweza kusema Gourna haikuwahi kuwepo. Aliisema, na kwa kuisema wengine wakaokoka na makosa yake. Ni wangapi kati yetu wana miradi iliyokufa, vikundi vilivyovunjika, pesa zilizopotea, na hatutaki hata kuitaja? Hao vijana wanaokuja nyuma watajua vipi shimo liko wapi?

Sasa nawarudishia swali langu la mwanzo, la msikiti wa udongo na haya tunayoona. Tumeingia katika siku ambazo karibuni tutakuwa tunautafuta usiku ule mtukufu. Mtakaposujudu juu ya mazulia laini, chini ya taa na mapangaboi, mkumbukeni Mtume wenu (S.A.W.) asubuhi ya mwezi ishirini na moja, na matope kwenye paji la uso wake. Paa lilivuja, na swala ilikamilika.

Ewe Mola wetu, tukubalie saumu zetu na visimamo vyetu, tujaalie elimu yenye manufaa, uwarehemu mafundi na walimu wetu waliotangulia, na utupe moyo wa kusikiliza kabla ya kujenga. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.